Mtoto Husoma Uso wa Mama

Wiki sita baada ya kujifungua, mama wa Kitui au Makueni, huku Ukambani, mashariki mwa Kenya, humfunga mtoto kwa leso na kushika njia ya zahanati. Huko mtoto huvuliwa nguo, huning'inizwa kwenye mzani, uzito wake ukaandikwa katika kitabu cha kliniki, kisha akachanjwa na kulia kidogo. Mama huulizwa kama maziwa yanatoka vizuri, kama damu imekoma, kama ameshafikiria kupanga uzazi. Atarudi wiki ya kumi, wiki ya kumi na nne, mwezi wa tisa, na mwezi wa kumi na nane. Katika safari zote hizo, kuna kitu ambacho mtoto amekuwa akikisoma kila siku tangu azaliwe na ambacho watu wazima waliomzunguka wanaweza wasikitazame hata mara moja, nacho ni uso wa mama yake. Ninachodai katika makala haya ni kwamba uso huo ni sehemu ya afya ya mtoto kama ulivyo uzito wake. Sonona ya mama isipotibiwa hupitia katika malezi ikaingia katika hisia za mtoto, na wanaolaumu malezi mabovu bila kuuliza mlezi yu hali gani wanapepea moshi na kuuacha moto.

Sonona si huzuni ya siku mbili tatu. Huzuni ina sababu na ina mwisho. Mtu hufiwa, akalia, akafarijiwa, na baada ya muda akaanza tena kucheka na wenzake. Sonona hukaa. Wiki mbili zikapita, mwezi ukapita, na mtu bado haoni ladha ya chakula wala ya mazungumzo, usingizi umemkimbia au umemlemea, mwili mzito kama umebeba gunia, na moyoni kuna sauti inayomwambia kwamba hafai kitu. Watu wengi hawatumii jina hilo la kitaalamu. Husema wana mawazo mengi, au presha, au kichwa kinauma. Katika Kikamba utasikia mtu akisema tu ana mathĩna, yaani shida, na neno hilo likabeba kila kitu kuanzia karo ya shule hadi moyo uliozimika. Kwa mama wa watoto wadogo kuna dalili nyingine inayowapotosha majirani. Badala ya machozi, sonona hutoka kama ukali. Mama aliyekuwa mpole huanza kufoka kwa sababu ya kikombe kilichomwagika, na mtaa mzima ukasema amekuwa na roho mbaya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea, takriban wanawake 16 kati ya kila 100 wajawazito na 20 kati ya kila 100 waliojifungua karibuni wana tatizo la afya ya akili, na sonona ndiyo inayoongoza. Chukua foleni ya akina mama kumi kwenye benchi la zahanati siku ya chanjo. Kwa hesabu hiyo, wawili kati yao wanaumwa ugonjwa ambao hauonekani kwenye mzani.

Sasa, ugonjwa ulio kichwani mwa mama unamfikiaje mtoto ambaye hajui hata kusema? Jibu lilianza kuonekana wazi miaka ya 1970, pale mwanasaikolojia wa Marekani Edward Tronick alipofanya jaribio rahisi sana. Alimketisha mama mbele ya mtoto wake mchanga, wakacheza kama kawaida, mtoto akitoa sauti zake na mama akiitikia. Kisha mama akaambiwa aufanye uso wake kuwa mkavu kwa dakika chache: asitabasamu, asiseme, asimguse mtoto, ila amtazame tu. Yanayofuata anaweza kuyaelewa yeyote aliyewahi kulea. Mtoto hutabasamu kwanza, kana kwamba anamkumbusha mama zamu yake. Mama hajibu. Mtoto hunyosha mikono, hupiga kelele ndogo, huinama mbele akimtafuta. Mama hajibu. Mwishowe hugeuza kichwa, hujikunyata, huanza kunyonya vidole au kulia, na wakati mwingine hukaa kimya tu, macho yakitazama kando. Hayo ni ya dakika chache, na jaribio lilipokwisha mama alicheka naye tena na mtoto akarudi. Kwa mama mwenye sonona, hali ya uso mkavu haiishi baada ya dakika chache. Hapangi kuwa hivyo. Anamnyonyesha mtoto, anambadilisha nepi, anampikia uji, lakini lile la kumsemesha na kumchombeza, la kumjibu anapotoa sauti, linadai nguvu ambayo hana. Mtoto naye hujifunza anachofundishwa: kwamba kuita hakuleti mtu, na kwamba ni afadhali kuacha kuita.

Tronick alisisitiza jambo jingine ambalo mara nyingi husahaulika, nalo lapaswa kumtuliza kila mzazi anayesoma hapa kwa hofu. Hata kati ya mama mwenye afya na mtoto wake, kupishana ni jambo la kila saa. Mtoto anataka kucheza, mama anachochea kuni. Mama anataka kucheza, mtoto ana usingizi. Kinachomjenga mtoto ni kule kurudiana baada ya kupishana: alilia, akachukuliwa, akatulia, na kumbukumbu ya kutulia ikabaki ndani yake. Hapo ndipo anapojifunza kwamba hasira hupita na hofu ina mwisho. Sonona haimfanyi mama kuwa mtu asiyempenda mwanawe. Inampunguzia nafasi hizi za kurudiana, siku baada ya siku, katika miaka ambayo ubongo wa mtoto unakua kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote wa maisha yake.

Mtoto akikua, mambo hubadilika sura. Watafiti wanaochunguza malezi huwauliza watoto wenyewe wanavyowaona wazazi wao, na kipimo kimoja kinachotumika sana kwa kazi hiyo kilitungwa Sweden na kufahamika kwa kifupi cha EMBU, jina ambalo kwa sadfa tu linafanana na la mji wetu wa Embu. Kinauliza habari za mambo kama uchangamfu wa mzazi, kumkataa mtoto, na kumlinda kupita kiasi. Hayo mawili ya mwisho yanaonekana kama maadui, ila mara nyingi hukaa nyumba moja. Mama aliyezidiwa huweza kumfokea mtoto asubuhi na kumkataza kutoka nje jioni kwa hofu isiyo na sababu, na mtoto akashindwa kujua leo atamkuta mama yupi. Mwaka 2013 Lincoln Khasakhala na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa miongoni mwa vijana waliofika kutafuta huduma katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi. Waliona kwamba sonona ya kijana ilihusiana na sonona ya mama yake, na pia na jinsi kijana alivyoyaona malezi aliyopata, hasa kukataliwa na kukosa ukaribu. Ninauona utafiti huo kuwa na uzito kwetu kwa sababu ni wa Kenya, na kwa sababu sauti iliyosikika ndani yake ni ya kijana mwenyewe.

Nataka nisimame kidogo hapa kwenye mtoto mmoja ambaye hatumwoni. Mtoto mwenye fujo kila mtu humwona. Mwalimu anaita mzazi, mzazi anapaza sauti, kuna kikao. Lakini sonona ya mama mara nyingi huzaa mtoto wa namna nyingine, anayeufunga ulimwengu wake ndani. Anaamka kabla ya kuambiwa, anateka maji, anawaosha wadogo zake, hasemi kitu. Darasani hanyooshi mkono. Anaumwa tumbo siku za shule na daktari haoni ugonjwa. Tunamsifu. Tunasema ana adabu, amekomaa kabla ya umri, ni msaada mkubwa kwa mama yake. Yeye amejifunza kuusoma uso wa mama kila asubuhi kama mkulima anavyolisoma wingu, na kujipanga kulingana na hali aliyoiona. Huo ni mzigo wa mtu mzima. Utulivu wa mtoto usitutulize kabla hatujauliza umetoka wapi.

Msomaji makini atakuwa tayari ana swali. Je, tunajuaje kwamba sonona ya mama ndiyo inayosababisha, na si kitu kingine kinachowapata wote wawili? Huenda ni damu, mama na mtoto wamerithi udhaifu uleule. Huenda mtoto msumbufu ndiye anayemwangusha mama. Huenda mama mwenye sonona anamwona mwanawe kupitia giza lake mwenyewe, na akiulizwa atataja kasoro zisizokuwepo. Pingamizi hizi zote zina ukweli ndani yake na haifai kuzifuta kwa mkono. Urithi upo. Mtoto mgumu kulea humchosha mzazi, na mzazi aliyechoka humfanya mtoto awe mgumu zaidi, mduara ukaendelea. Lakini kuna njia ya kupima: tibu mama peke yake, usimguse mtoto, kisha tazama. Mwaka 2006 Myrna Weissman na wenzake wa Marekani walichapisha matokeo ya kufuatilia mama 151 wenye sonona waliokuwa wakitibiwa, pamoja na mtoto mmoja wa kila mama, wa umri wa miaka 7 hadi 17. Baada ya miezi mitatu, miongoni mwa watoto waliokuwa na matatizo tangu mwanzo, 33 kati ya kila 100 walipona pale mama alipopona; mama asipopona, walipona 12 tu. Utafiti haukumtibu mtoto. Urithi wake haukubadilika kwa miezi mitatu. Kilichobadilika ni mama anayeishi naye. Si ushahidi wa kufunga mjadala, maana waliopona huenda walikuwa na mengine mema yaliyowasaidia, ila unaelekea upande mmoja na huo wa mtoto wa Tronick aliyegeuza kichwa.

Pingamizi kubwa zaidi Ukambani ni ya aina nyingine, na inasemwa kwa uchungu wa haki: mama wa Mutomo au Kibwezi haumwi chochote, ana njaa tu. Mpe mvua, atacheka. Hii ni ardhi ambayo watu wake huzipa njaa kubwa majina. Ile ya 1984 iliitwa Nĩkw'a Ngwete, yaani nafa hali nimeshika, kwa sababu watu walikuwa na pesa mkononi na dukani hamna cha kununua. Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023, sehemu kubwa za ukame nchini zilikosa mvua misimu mitano mfululizo. Mito inapokauka, mwanamke huchimba mchanga wa mtoni kufikia maji, akasubiri shimo lijae kikombe kwa kikombe hadi mtungi ujae, huku mtoto akiwa mgongoni. Anayedhani ushauri nasaha utachukua nafasi ya maji hajui anachosema. Umaskini ni mojawapo ya milango mikuu ya sonona, na ninaunga mkono kila lambo na kila bwawa la mchanga linalojengwa. Lakini kusema kwamba shida ndiyo ugonjwa wenyewe ni kumwacha mama bila msaada mpaka mvua inyeshe. Na si kila mama aliyepitia ukame uleule aliangukia sonona. Aliyeangukia, hata mvua ikirudi, anaweza kubaki amelala ndani huku majirani wakipanda ndengu. Isitoshe, tiba imeonekana kufanya kazi palepale penye umaskini. Katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai, kusini-magharibi mwa Uganda, watu wa kawaida wa huko walifunzwa kwa wiki mbili tu, wakaendesha vikundi vya mazungumzo mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Hakuna aliyepewa fedha wala shamba. Matokeo yalichapishwa 2003: mwishoni, waliobaki na sonona katika vikundi walikuwa chini ya 7 kati ya kila 100, na katika vijiji ambavyo havikupata vikundi walikuwa zaidi ya nusu.

Wengine husema, na hili nalipenda zaidi kwa kuwa ni sifa yetu, kwamba mtoto wa Kiafrika hana mama mmoja. Yuko susu, yaani bibi. Wako shangazi, dada wakubwa, jirani. Uso mmoja ukizimika, nyuso nyingine zinawaka. Ni kweli, na utafiti unaunga mkono kwamba mlezi mwingine mmoja mwenye upendo wa kudumu humkinga mtoto sana. Swali ni kama nyuso hizo bado zipo karibu. Baba yuko Nairobi au Mombasa na anarudi Desemba. Shangazi naye ameolewa mbali. Susu analea wajukuu watano wa mabinti watatu na magoti yanamuuma. Huenda yeye mwenyewe ndiye mwenye sonona kuliko wote boma zima. Na wapo kina mama ambao bado ni watoto. Utafiti uliochapishwa 2018 kutoka Kangemi, Nairobi, uliwapima wasichana wajawazito na kukuta karibu theluthi moja yao na dalili nzito za sonona. Basi ukoo ni kinga pale tu mtu anapojua kwamba mama fulani anahitaji kupumzishwa, na mama hawezi kupumzishwa ikiwa hali yake inaitwa uvivu. Kuhusu baba, kosa ni kumtoa kwenye hesabu. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotolewa 2005 ulionyesha kwamba sonona ya baba katika wiki za mwanzo baada ya mtoto kuzaliwa nayo ilihusiana na matatizo ya hisia na tabia mtoto alipofikisha miaka mitatu na nusu. Ninaandika kuhusu mama kwa sababu huku ndiye aliyeachiwa kazi. Ile methali ya mtoto umleavyo ndivyo akuavyo imetumika mno kama jiwe la kumrushia.

Kuna matokeo mengine ambayo nisingekuwa mkweli nikiyaficha. Huko Rawalpindi, Pakistan, mtaalamu wa magonjwa ya akili Atif Rahman alianzisha mpango ambao wahudumu wa afya wa vijijini walifunzwa kuzungumza na kina mama wenye sonona nyumbani kwao, tangu mwisho wa ujauzito hadi mtoto akafikisha miezi kumi. Miezi sita baada ya kujifungua, waliokuwa bado na sonona ni 23 kati ya kila 100, dhidi ya 53 upande usiopata mpango huo. Watoto waliugua kuhara mara chache zaidi na walikamilisha chanjo zaidi, na wazazi wote wawili walicheza nao zaidi. Ilikuwa habari njema, na Shirika la Afya Duniani likauchukua mpango huo uenezwe kwingine. Kisha watafiti wakarudi watoto walipofikisha miaka saba. Kati ya watoto wa pande mbili hizo, tofauti ya akili na hisia haikuonekana tena. Wapo wanaosoma hapo kwamba kumtibu mama hakumsaidii mtoto. Mimi nasoma vingine. Sonona ni ugonjwa unaorudi, na msaada wa mwaka mmoja hauwezi kuwa akiba ya miaka saba. Pia mama akipona haimaanishi kwamba mazoea ya kukaa kimya na mtoto yamepona pamoja naye; nayo yanahitaji mkono. Penye mkono huo mambo yameonekana. Khayelitsha, Cape Town, wanawake wa mtaa huo walifunzwa kuwatembelea kina mama na kuwaonyesha namna ya kumsoma mtoto na kumjibu. Watoto walipofika miezi 18, 74 kati ya kila 100 walikuwa na imani thabiti kwa mama zao, dhidi ya 63 upande wa pili. Wilayani Lira, kaskazini mwa Uganda, vikundi vya wazazi, baba wakiwemo, viliunganisha malezi na hali ya moyo ya mama katika mafunzo yaleyale. Utafiti wa 2015 ulikuta watoto wakielewa maneno na mambo zaidi, na mama wakiwa na dalili chache za sonona. Kwa hiyo nisemapo tumtibu mama, nina maana ya mambo mawili yanayokwenda pamoja, na kwa muda mrefu.

Makueni haiko mbali na hayo kama mtu anavyoweza kudhani. Ni huko ambako Profesa David Ndetei na wenzake wa taasisi ya Africa Mental Health Research and Training Foundation waliwafunza wauguzi, matabibu na wahudumu wa afya nyanjani kutambua na kutibu sonona kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotengenezwa kwa ajili ya vituo visivyo na daktari wa akili. Wakaenda hatua ambayo wengi wangeiogopa: wakaketi pia na waganga wa kienyeji na wahubiri wanaoombea wagonjwa, kwa sababu huko ndiko watu wanakoanzia. Nadhani walifanya vyema. Mtu wa kawaida akisikia maneno afya ya akili, picha inayomjia ni hospitali ya akili ya Mathari, ukuta na geti. Hatampeleka huko dada yake anayeshindwa kuamka asubuhi. Kulikuwa pia na woga wa sheria. Kifungu cha 226 cha kanuni za adhabu kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume cha Katiba, na mama anayewaza kifo angemwambia nani wazo hilo huku likimwelekeza kwa polisi? Halafu kuna mwethya, yaani kikundi cha kusaidiana kazi. Kwa muda mrefu wanawake wa Ukambani wamekuwa wakikutana kulimiana mashamba, kuchimba matuta na kujenga mabwawa ya mchanga. Kikundi cha Masaka kilihitaji kuundwa. Huku kikundi kipo, kina siku yake ya wiki, na wanawake wake wanajuana tangu walipoolewa. Anayekosa mwethya huweza kutozwa faini. Angeweza pia kutembelewa.

Turudi kwenye zahanati ile, wiki ya sita, mtoto akiwa amevuliwa nguo na mzani ukitikisika. Maswali mawili yanatosha kuanzia, na wauguzi katika nchi nyingi huyauliza: katika wiki mbili zilizopita, umekuwa ukikosa hamu ya mambo uliyokuwa ukiyafurahia? Umekuwa na huzuni au kukata tamaa? Yaulizwe kwa Kikamba, kwa sauti ya chini, mbali na benchi ambalo mama mkwe ameketi. Mama akijibu ndiyo, aulizwe zaidi, na muuguzi awe anajua atamwelekeza kwa nani kituoni hapo hapo na nani atapita nyumbani kwake kabla ya wiki ya kumi. Wakati jibu linapotafutwa, mtoto huwa amegeuza macho kutoka kwenye mzani kumtazama mama yake.